Upepo wa Siku Ile

"Bati lako liling'oka?"

Mama mshonaji aliuliza hivyo mlango kwa mlango, mtaa mzima. Aliyejibu kwamba lake halikung'oka, mama alimng'ang'ania mpaka akubali kwenda kuyasema hayo mahakamani.

Meli aliyofanyia kazi mwanawe wa pekee ilizama na shehena yake ya saruji katika dhoruba, na hakuna baharia aliyepatikana. Mkataba wa kazi wa kijana ulisema janga la asili likizidi uwezo wa binadamu, mwenye meli hadaiwi kitu. Naye mwenye meli akashikilia hapo hapo: kwa upepo ule, alisema, hakuna kiumbe ambaye angesalimika.

Wakili, binti aliyeichukua kesi bure, alimweleza mama wanachotakiwa kuthibitisha: kwamba dhoruba haikuwa kali kiasi hicho. Tangu siku hiyo mama hakupata usingizi. Aliuza cherehani apate nauli ya mashahidi. Alimfuata mlinzi wa bandari hadi nyumbani kwake, akampigia magoti mbele ya watoto wake. Ungemwona ungelia, ila yeye mwenyewe hakutoa chozi hata siku moja, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba tamaa ya fidia imemkausha macho.

Mwenye meli akaingiwa na wasiwasi. Akamvuta mama pembeni, akamwonyesha bahasha nene: atie sahihi tu kwamba dhoruba ilikuwa ya kuua, wayamalize kimya kimya.

"Siwezi kusema hivyo," mama alijibu. "Hata ukinipa meli zako zote."

Dada yake, aliyemsindikiza, alimfokea njia nzima ya kurudi nyumbani. Chumba kinadaiwa kodi, wanashindia chai kavu, naye anaipiga teke riziki iliyomfuata yenyewe. Mama alitembea tu, akihesabu kwa vidole mashahidi aliobakiza.

Siku ya hukumu alikuja amekumbatia mfuko wenye sweta, suruali na soksi za kijana wake. Wakili alimwonea huruma, akamwacha aingie nao.

Jaji alisoma polepole, kama mtu anayechambua mchele. Mabati ya mtaani hayakung'oka, na hata boti ndogo zilirudi salama. Dhoruba ile haikuwa ya kuua, alisema. Meli ilizama kwa ubovu wake, na mwenye meli atalipa.

Wakili alimkumbatia mama, machozi yakimtiririka. "Tumeshinda, mama. Tumeshinda."

Mama alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu meli ipotee. Akainuka, akauweka mfuko wake vizuri kwapani.

"Umemsikia jaji mwenyewe, binti? Haikuwa ya kuua," alisema. "Sasa boti ya kwenda kumtafuta inaondoka saa ngapi? Atakuwa anasikia baridi."