Birika la Makame

Kwenye hitima ya Makame, pilau ililetwa na wazee wakakaa wakisubiri maji ya kunawa. Kwa desturi ya mji ule, mdogo kuliko wote ndiye huwanawisha wenzake, na kwa miaka mingi mdogo alikuwa Makame. Vijana hasa walishahama zamani, wakabaki kupiga simu siku za sikukuu.

Macho yakamgeukia Chande, aliyekuwa na miaka sabini na moja.

"Haya, kijana," akasema Mzee Faraji. "Pilau inapoa."

"Mimi nilishazeeka, mzee wangu."

"Umezeeka wewe? Ngoja kwanza tufe sisi."

Wengine wakaguna, wameshakunja mikono ya kanzu. Chande akashika ukuta, akainuka. Akapita mkekani na birika na beseni, akimimina, maji mengine yakimwagikia magoti ya watu. Alipofika mwisho, wote walikuwa wameshaanza kula.

Akaketi. Akaliweka birika pembeni, akanyoosha mikono yake miwili juu ya beseni, akakaa hivyo.