Kundi Kubwa Hulala Pembeni

"Andika," Profesa alisema, vidole vyake vikipapasa modeli ya plastiki mezani. "Pete ya kaboni sita hailali bapa kama sahani. Imejikunja mfano wa kiti."

Vitufe vya kompyuta vikalia. Mkewe alikuwa na mkono mwepesi.

"Kundi kubwa la atomu likisimama wima juu ya kiti hicho, linabanana na majirani zake. Basi pete inajipindua, kundi linalala pembeni, na molekuli inatulia. Umeipata hiyo?"

"Nimeipata, Mwalimu."

Bado alimwita Mwalimu, kama enzi zile alipokuwa mwanafunzi wake, tena wa kwanza darasani. Profesa alipomuoa alimkatiza masomo. Nyumba moja, aliwaambia wageni siku ya harusi, haihitaji wanakemia wawili. Mmoja lazima ajue chumvi inakaa wapi. Wageni waliangua kicheko, na bibi harusi akacheka nao.

Tangu Profesa apofuke, mke ndiye alikuwa macho yake. Alimkata kucha, alimchagulia mashati, akamwandikia kitabu kizima, sura baada ya sura, na michoro yote akaichora yeye. Mara moja tu ndipo alipouliza.

"Jina langu halitakuwepo popote, hata kwenye michoro?"

"Tangu lini mpiga chapa akawa mwandishi?"

"Haya. Basi liwe lako peke yako."

Mhariri alipopiga simu kuomba wataalamu wawili waupitie mswada, Profesa alimjia juu. Hao wataalamu ni yeye aliyewafundisha hata kushika chupa ya maabara. Asiguse mtu hata nukta. Mhariri akanywea.

Kitabu kilipofika, Profesa alikinusa, akapitisha kidole gumba juu ya jina lake lililochomoza jaladani. Akamwomba mkewe amsomee sura ya viti. Mke akasoma kwa ufasaha, neno kwa neno kama alivyomtajia, bila kukwama popote. Hata kurasa hazikusikika zikifunuliwa.

"Una sauti nzuri," Profesa alimwambia, na mwenyewe akashangaa kumsifia.

Siku ya uzinduzi ukumbi ulifurika. Mkewe alimshika mkono hadi mstari wa mbele, akamkalisha, akamnyoosha tai, kisha akaketi kushoto kwake. Mkuu wa idara, ambaye Profesa alimfundisha zamani, aliombwa kusoma aya yoyote aipendayo.

"'Kundi kubwa,'" alisoma kwa madaha, "'hutulia likisimama wima juu ya kiti. Likilala pembeni...'"

Akasita. Profesa alisikia ukurasa ukifunuliwa, na mwingine, na mwingine.

"Samahani," mkuu wa idara alisema, sauti imemshuka. "'Likilala pembeni, molekuli huhangaika.' Ndivyo ilivyoandikwa. Na michoro... yote imechorwa hivyo hivyo, mpaka mwisho."

Profesa aliinuka nusu, mdomo wazi, akingoja mtu aseme kwamba msomaji amekosea.

Kisha mtu mmoja akaanza kucheka, taratibu, kwa raha zake, upande wa kushoto.