Mke wa Meneja Anywe Kwanza

Sheria ilitaka familia ya meneja wa mgodi iishi bondeni chini ya mgodi, na inywe maji ya kijito kabla ya mtu mwingine yeyote. Kila asubuhi Eliaichi, mke wa meneja, alikunywa kikombe kizima, na majirani wakasubiri bangili inayopima damu yake iwake kijani.

Minza, mmoja wa majirani hao, alikuwa amezika watoto enzi za maji machafu. Sasa Ngasa wake alikuwa akikimbia huku na huku, mzima kabisa. Asubuhi hiyo kijani kilipowaka, Minza alishindwa kujizuia.

“Dada Eliaichi, Mungu akubariki. Mwanangu yu hai kwa sababu yako.”

“Maadamu nakunywa mimi, Mama Ngasa, mume wangu hathubutu kuyachafua.” Eliaichi alitabasamu, kisha akashika tumbo. “Ila nina mimba. Daktari anasema bangili haimpimi mtoto.”

Minza alitaka kumwambia kesho asije. Akamtazama Ngasa akikimbia. Badala yake alimshika mikono yote miwili, akamshukuru tena kwa moyo wake wote, akainama kuchota.