Gogo la Mpakani

Zamani, ukungu ulipokuwa bado ukilala njiani hata mchana, nchi ya siafu na nchi ya sungusungu ziliunganishwa na gogo moja juu ya mto. Siafu walipita kushoto kwao, sungusungu kulia kwao; na kwa kuwa walielekeana, ukawa upande uleule. Waligongana ukunguni, na mayai waliyobeba yakaelea majini kama nyota.

Malkia wa siafu alikuwa na adabu nyingi. "Tuwaheshimu jirani," alisema. "Kesho piteni kulia kama wao." Lakini aliona haya kuwaarifu, asije akaonekana anajisifu. Ng'ambo, malkia wa sungusungu naye aliwaamuru raia wake kimyakimya wapite kushoto.

Kulipokucha, wakagongana tena.

"Mbona uko huku, dada?" aliuliza siafu mmoja, amekumbatia yai lake.

"Nimekupisha wewe!"

"Basi rudi upande wenu!"

"Rudi wewe!"

Wakarudi wote pande zao za awali, wakagongana tena. Yai likaning'inia ukingoni.

"Dada, simama!" sungusungu alinong'ona, akilizuia kwa mguu. "Kwanza tusemezane. Tupite sote kushoto?"

"Sote kushoto."

Yai likavuka. Tangu hapo wakikutana njiani hugusana vipapasio kwanza, kwa maana heshima isiyosemwa haimvushi mtu mto.