Achia Shuka

"Nataka daktari mwanamume," kijana alimnong'oneza bibi yake, ameing'ang'ania shuka ya hospitali mpaka vidole vikamkakamaa.

Bibi alishusha pumzi. Tangu asubuhi mjukuu alikuwa akijikunja na kutapika, akilalamikia tumbo, naye mama yake akimnywesha dawa ya tumbo. Mpaka bibi alipomkaripia ndipo akakiri kwamba korodani moja imevimba na inauma kama imebanwa na koleo.

"Mume wangu," bibi akasema, uvumilivu umemwisha, "siku uliyozaliwa ulipokewa na mwanamke, tena uchi, wala hukuomba shuka!"

Daktari, mwanamke, hakucheka. "Korodani imejisokota, damu haifiki. Tukimpasua sasa, huenda ikapona. Tukimngoja mwenzangu wa kiume, tutaikata."

"Mbona maumivu yamepungua kidogo?" kijana akajitetea.

"Hapo ndipo ninapoogopa zaidi," daktari akasema. "Ikiacha kuuma, huenda inakufa."

Bibi akawapa mgongo, akaukazia macho ukuta. "Haya, mimi sioni. Una kisingizio gani tena?"

Kisha akasikia shuka ikianguka sakafuni, na daktari akiita kwa sauti, "Chumba cha upasuaji, tunakuja!"