Aliyefukuzwa na Roboti

Januari 2008, vita vya baada ya uchaguzi vikiwaka, Prachi, mwenye saiba, duka la intaneti, aliweka roboti, programu ya kuzuia matusi ya kikabila, kwenye ukumbi wa gumzo mtandaoni ambako watu wa Nakuru tulitafutana. Ukitaja kabila, inakutupa nje papo hapo.

Binti yangu alikuwa mji wa Elburgon, siku nne kimya. Nikiwa pale saiba, ghafla jina lake likatokea kwenye skrini, likafukuzwa.

"Ametukana, mzee," Prachi akasema.

"Huyo hawezi kutukana hata kuku. Hebu fungua tusome."

Kidole chake, kucha nyekundu ya hina, kikasita juu ya mausi. Akabonyeza. Maneno yakarudi:

"Baba, jirani Mkalenjin amenificha kwake. Niko salama."

Prachi akapangusa macho. "Nimrudishe?"

"Mrudishe. Halafu zima hiyo roboti. Nataka kumshukuru huyo jirani, na kabila lake nitalitaja."