Miezi ya Majaribio

Mwanakheri alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, akijaribu programu ya simu aliyoitengeneza, ya kulipiwa kila mwezi. Kwenye majaribio mnunuzi hakatwi hata senti, na mwezi mzima wa malipo hupita kwa dakika tano.

"Wifi yangu, hebu weka hiyo simu. Kaka Athmani yumo mle ndani," Rukia alimwambia.

"Nikiiweka nitalia."

Simu ikatetemeka: mwezi umekwisha, unaendelea? Akabonyeza ndiyo, na akilini mwake mwezi ukapita, mshono wa Athmani umekauka. Ikatetemeka tena, akabonyeza, Athmani anatembea. Mwezi uliofuata alikuwa akigomba kwamba mchuzi umezidi chumvi.

Ikatetemeka tena. Mlango ukafunguka, daktari akatoka akivua barakoa. Rukia akasimama. Mwanakheri hakuinua macho. Kidole kilimganda juu ya ndiyo, na chini yake maandishi madogo: hutatozwa chochote.